Mionzi, Uyoga na Makapi ya Michikichi

*Nasikia huko Malaysia mikungu mitupu ya michikichi hupigwa mionzi, ikaoteshwa uyoga, kisha mabaki hulishwa ng'ombe. Mionzi haibaki kwenye chakula? Mkulima mdogo afanyeje?*
*Msomaji, Kigoma*

Mionzi haibaki. Miale ya gama ya kobalti-60 hupenya makapi na kuua vijidudu, lakini haina nguvu ya kuyafanya yawe na mionzi. Watafiti wa Malaysia na Japani waligundua kwamba dozi ya mionzi ya kilogrei 10 hupunguza vijidudu kiasi cha kutosha, na 25 huvimaliza.

Lengo la mionzi ni kuondoa washindani wa uyoga. Mikungu mibichi imejaa ukungu unaokua upesi kuliko uyoga. Ikishasafishwa, uyoga mamama hutoa vimeng'enya vinavyovunja lignini, ile gundi ngumu inayomzuia ng'ombe kufaidi nyuzi za mmea. Nyuzi hupungua, protini huongezeka. Kazi kubwa, basi, ni ya uyoga; mionzi hufagia uwanja tu.

Mkulima mdogo hahitaji mtambo ghali wa mionzi. Mvuke unatosha: makapi yakatwekatwe, yalowekwe, yachujwe maji, yafukizwe kwenye pipa kwa saa kadhaa, na yapoe kabisa kabla ya kutiwa kwenye mifuko na kupandwa mbegu za uyoga kwa mikono safi. Mfuko ukiota ukungu wa kijani utupwe mbali, wala mifugo isipewe.

Uyoga ukishavunwa, mabaki mazuri yaanze kulishwa kwa kiasi kidogo, yakichanganywa na majani. Ng'ombe akiharisha au akikataa kula, asipewe tena, na afisa mifugo aitwe.