SOMO: KOMPYUTA YA CHAMA IKICHOKA, TUBADILI PROSESA AU TUNUNUE NYINGINE?



Msimu wa ununuzi wa mazao unapofika, kompyuta ya chama hubeba kazi ambayo zamani ilibebwa na madaftari makubwa: uzito wa mazao ya kila mwanachama, makato ya pembejeo, na orodha ya malipo inayopelekwa benki. Kompyuta hiyo ikiwa nzito, mkulima hukaa nje ya ofisi akisubiri malipo ya jasho lake. Hapo ndipo fundi mmoja husema, "Badilisheni prosesa, mashine itakuwa kama mpya." Mwenye duka naye husema, "Hiyo imekwisha, nunueni nyingine." Wote wawili wana kitu cha kuuza, na atakayelipa ni mwanachama.

Shabaha ya somo hili ni kumwezesha Katibu na Bodi kuamua kwa vipimo na hesabu, si kwa maneno ya muuzaji. Kanuni yenyewe ni hii: prosesa hubadilishwa pale tu masharti matatu yanapotimia. Kwanza, vipimo vionyeshe kwamba prosesa ndiyo inayochelewesha kazi. Pili, ubao mama wa mashine uikubali prosesa iliyo bora zaidi. Tatu, mashine nzima iwe na maisha ya kutosha kurudisha gharama. Sharti moja likikosekana, fedha za chama zielekezwe kwingine.

1. KARANI, MEZA NA KABATI

Ili tuelewane, tuifananishe kompyuta na ofisi ya ghala. Prosesa ni karani anayepiga hesabu. Ramu, yaani kumbukumbu ya muda, ni meza anayoandikia. Diski ni kabati la majalada.

Karani aweza kuwa hodari sana, lakini meza yake ikiwa ndogo, kila mara atanyanyuka kurudisha jalada moja kabatini ili apate nafasi ya kufungua jingine. Kabati nalo likiwa bovu, atasimama kulisubiri lifunguke. Ukimfukuza karani huyo na kuajiri mwenye kasi maradufu, huyo mpya naye atasimama mbele ya kabati lile lile. Kazi haitakwenda mbele, na mshahara utakuwa umeongezeka.

Hivyo ndivyo ilivyo katika mashine nyingi za ofisi zinazosemekana kuwa zimechoka. Diski ya zamani yenye sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huhitaji takriban milisekunde 10 kuifikia habari iliyotawanyika. Diski isiyozunguka, ambayo madukani huitwa SSD, huifikia kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Kwa kazi za daftari, orodha na barua, tofauti hiyo huonekana kuliko tofauti ya prosesa mbili za kizazi kimoja.

2. NAMNA YA KUPIMA

Kipimo hiki hakihitaji fundi. Katika mashine yenye Windows 10 au 11, fungueni kazi zile zinazolalamikiwa kuwa nzito, kwa mfano kuandaa orodha ya malipo. Kisha bonyezeni vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha, kwa asilimia, mzigo wa prosesa, wa kumbukumbu na wa diski. Andikeni tarakimu hizo kila baada ya dakika mbili mpaka kazi iishe. Rudieni siku tatu tofauti, hasa siku yenye shughuli nyingi.

Tarakimu zisomwe hivi:

(a) Diski ikikaa karibu na asilimia 100 ilhali prosesa iko chini, kabati ndilo tatizo.

(b) Kumbukumbu ikizidi asilimia 85 au 90 wakati wote, meza ni ndogo.

(c) Prosesa ikikaa karibu na asilimia 100 kwa muda mrefu, na hizo nyingine mbili zimetulia, basi karani ndiye aliyezidiwa.

Hapa kuna angalizo moja. Prosesa za siku hizi zina viini kadhaa, kama makarani kadhaa katika chumba kimoja. Prosesa yenye viini vinne yaweza kuonyesha asilimia 25 tu, kumbe kiini kimoja kimebeba mzigo wote na vitatu vimekaa bure, kwa kuwa programu yenyewe haikuandikwa ili kugawa kazi. Katika hali hiyo, kununua prosesa yenye viini vingi zaidi hakutasaidia. Kinachotakiwa ni kiini chenye kasi zaidi, au programu iliyo bora.

Aidha, kabla ya kuhukumu mashine, ifunguliwe na kupulizwa vumbi. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Feni iliyojaa vumbi, au grisi ya kupitisha joto iliyokauka, yaweza kuifanya prosesa nzima ionekane kuwa imezeeka.

3. UBAO MAMA NDIO WENYE KAULI

Vipimo vikionyesha kwamba prosesa kweli imezidiwa, swali la pili laja: je, ubao mama unakubali prosesa nyingine? Prosesa haiingii katika kila ubao. Kila kizazi kina tundu lake, na hata tundu likifanana, ubao waweza kukataa.

Mfano ulio wazi ni wa prosesa za Intel. Kizazi cha sita cha mwaka 2015 na cha nane kilichoanza kuuzwa mwaka 2017 kwa kompyuta za mezani, vyote viwili hutumia tundu liitwalo LGA 1151. Hata hivyo, prosesa ya kizazi cha nane haikutengenezwa kufanya kazi katika bao za kizazi cha sita na cha saba. Anayenunua kwa kutazama tundu pekee atarudi ofisini na kifaa kizima kisichowaka.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, Katibu amtake fundi ajibu kwa maandishi maswali haya:

(a) Jina la ubao mama ni lipi, na je, mtengenezaji ameiorodhesha prosesa hiyo miongoni mwa zinazokubalika?

(b) Je, programu ya ubao iitwayo Bayosi inahitaji toleo jipya? Ikihitaji, iwekwe wakati prosesa ya zamani ingali mahali pake, kwani ubao usioitambua prosesa mpya hautawaka hata ufanyiwe marekebisho hayo. Umeme usikatike katikati ya kazi hiyo. Mashine iunganishwe na betri ya akiba.

(c) Je, prosesa mpya inakula umeme na kutoa joto kiasi gani? Core i3-4130 imewekewa kiwango cha wati 54, ilhali Core i7-4770 ya tundu lile lile imewekewa wati 84. Feni ndogo ya kwanza yaweza isitoshe.

(d) Je, picha kwenye skrini hutoka katika prosesa yenyewe au katika kadi ya picha? Prosesa mpya isiyo na uwezo wa picha itaiacha skrini gizani kama kadi haipo.

Kwa upande wa kompyuta mpakato, nyingi zilizotengenezwa katika miaka kumi iliyopita zimechomelewa prosesa kwenye ubao. Hizo hazina mjadala. Prosesa yake haibadilishwi.

4. UMRI WA MFUMO ENDESHI

Sharti la tatu ni maisha ya mashine yaliyosalia. Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilimaliza kipindi cha kawaida cha kuihudumia Windows 10, isipokuwa kwa wale wanaojiunga na utaratibu wa nyongeza wa muda maalumu. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, yahitaji ramu isiyopungua gigabaiti 4, kitasa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha inayokubalika. Kwa Intel, ukiacha chache mno, orodha hiyo huanzia kizazi cha nane. Kwa AMD, prosesa za Ryzen huanzia hasa zile za mfululizo wa 2000.

Maana yake kwa chama ni nzito. Mashine inayotumia mtandao bila kupata marekebisho ya usalama ni ghala lisilo na kufuli, na ndani yake mna majina na akaunti za benki za wanachama. Mashine ya Intel ya kizazi cha nne, hata ikiwekwa prosesa kubwa kuliko zote zinazoingia katika tundu lake, bado itakuwa ya kizazi cha nne. Chama kinachotaka kuendelea nayo kwa usalama chaweza kuweka mfumo endeshi wa Linux, ambao hupatikana bila malipo, mradi programu za chama ziwe zinafanya kazi humo. Hilo lijaribiwe kabla ya msimu, si siku ya malipo.

5. MIFANO MIWILI YA KUBUNI

Chama cha kwanza kina mashine ya mwaka 2013 yenye Core i3-4130, ramu ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka. Fundi ashauri Core i7-4770. Vipimo vyaonyesha prosesa asilimia 15, kumbukumbu asilimia 92, diski asilimia 100. Prosesa haina hatia. Mashine hii inafaa kuongezewa ramu na kuwekwa diski ya SSD ili ivuke msimu mmoja au miwili, huku chama kikiweka akiba ya kununua nyingine. SSD hiyo, ikiwa ya aina ya SATA, aghalabu yaweza kuhamishiwa katika mashine mpya. Ramu yake ya DDR3 haitaingia katika mashine ya DDR4, hivyo isinunuliwe nyingi kupita haja.

Chama cha pili kina mashine ya mwaka 2017 yenye AMD Ryzen 3 1200, kadi ya picha na SSD. Makarani wanne huitegemea kwa pamoja, na vipimo vyaonyesha prosesa karibu asilimia 100 kwa saa nzima. Tundu lake la AM4 lilidumu kwa vizazi kadhaa, na mtengenezaji wa ubao ametoa Bayosi inayokubali Ryzen 5 5600. Prosesa hii ina viini sita badala ya vinne, na kiwango chake ni wati 65, sawa na ile ya zamani. Tena imo katika orodha ya Windows 11, wakati Ryzen 3 1200 haimo. Masharti yote matatu yametimia. Chama hiki kikibadili prosesa kitakuwa kimetumia fedha vizuri, na kununua mashine nyingine kungekuwa israfu.

6. HESABU IFANYWE KWA MSIMU

Bei ya dukani peke yake hudanganya. Jumlisheni gharama zote, kisha gawanyeni kwa misimu ambayo mashine itatumika. Tarakimu zifuatazo ni za kujifunzia tu. Kila chama kiweke zake.

Prosesa shs. 150,000, feni 40,000, fundi 30,000, nauli 20,000. Jumla shs. 240,000. Mashine ikitumika misimu 2, kila msimu umegharimu shs. 120,000.

Mashine iliyotumika, ya kizazi kinachokubalika, shs. 660,000. Ikitumika misimu 6, kila msimu umegharimu shs. 110,000.

Iliyoonekana rahisi imekuwa ghali. Misimu ikibadilika, jibu nalo hubadilika. Ndiyo sababu hesabu hii haina budi kuwekwa mezani mbele ya Bodi.

7. TARATIBU ZA CHAMA

(a) Matumizi yawe ndani ya makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu, na bei zipatikane kutoka kwa wauzaji wasiopungua watatu.

(b) Kabla mashine haijafunguliwa, nakala mbili za kumbukumbu zote zitolewe, moja ihifadhiwe nje ya ofisi. Kisha nakala moja ifunguliwe katika mashine nyingine kuhakikisha kwamba inasomeka.

(c) Kazi ifanyike baada ya msimu, wala si katikati yake.

(d) Kifaa kilichotolewa ni mali ya chama, si ujira wa fundi. Kiandikwe katika daftari la mali. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

(e) Mashine ikiuzwa, diski yake ifutwe kabisa au itolewe. Habari za wanachama haziuzwi.

(f) Baada ya matengenezo, vipimo vile vile virudiwe na kuandikwa. Ikiwa orodha ya malipo iliyochukua dakika 40 bado yachukua dakika 38, Bodi ina haki ya kumwuliza fundi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKAO

1. Ubao mama na prosesa ya kompyuta yetu ni vya mwaka gani, na nani katika chama ana habari hizo kwa maandishi?

2. Vipimo vya siku tatu vyaonyesha mzigo uko wapi: kwa karani, mezani au kabatini?

3. Gharama ya kila njia ni shilingi ngapi kwa msimu?

4. Kompyuta ikizimika kesho isiwake tena, malipo ya wanachama yataandaliwa kutoka katika nakala ipi?

Swali la nne lisipopata jibu, lishughulikiwe kwanza kabla ya yale matatu.