Dondoo muhimu: Mwalimu mgeni Thailand

Umepata kazi ya kufundisha Kiingereza Thailand? Yaweke sawa haya mapema.

1. Usianze kazi kwa viza ya utalii, hata mwajiri akiahidi kurekebisha baadaye. Dai viza ya Non-B na kibali cha kazi. Hapa ndipo wengi huponzeka.
2. Thibitisha vyeti ungali nyumbani.
3. Beba akiba ya miezi miwili: mwenye nyumba hutaka amana juu ya kodi, na mshahara wa kwanza husubiriwa.
4. Ripoti makazi uhamiaji kila siku 90.
5. Wimbo wa taifa ukipigwa saa mbili asubuhi, simama wima.
6. Usimguse mwanafunzi kichwani, hata kwa kumpongeza.
7. Pilipili? Onja kwanza.