Mama Anapozidiwa na Huzuni Baada ya Kujifungua



Mtoto anapozaliwa, nyumba hujaa wageni. Majirani huleta uji na kuni, nyanya hufika na leso mpya, na kila mmoja huuliza, "Mtoto hajambo?" Ni wachache wanaomwuliza mama mwenyewe yu hali gani. Naye, kwa kuogopa kuonekana hana shukrani kwa zawadi ya Mungu, hujibu kwamba yu salama, kumbe moyoni anazama.

Katika somo hili twawaalika mume na mke mtazame pamoja ugonjwa ambao wengi huupata na wachache huutaja.

Huzuni ya siku chache na ugonjwa

Wanawake wengi hulia bila sababu kuanzia siku ya tatu hivi baada ya kujifungua. Mara mama acheka, mara machozi yamtoka. Homoni zilizopanda wakati wa mimba zimeshuka ghafla, tena amechoka na hapati usingizi wa kutosha. Hali hii si ugonjwa. Hupita yenyewe kabla ya majuma mawili kwisha, mradi apumzike na kufarijiwa.

Lakini huzuni ikizidi majuma mawili, au ikianza baadaye katika mwaka ule wa kwanza, yafaa tushuku ugonjwa. Mama hapati usingizi hata mtoto anapolala. Hana hamu ya chakula wala ya mazungumzo. Anakasirishwa na jambo dogo. Anajiona mama asiyefaa, anaogopa kupita kiasi kwamba mtoto atakufa, au hahisi upendo wowote kwake. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu akina mama 20 kati ya 100 hupata matatizo ya akili baada ya kujifungua, hasa ugonjwa huu wa huzuni. Basi mke wako hayuko peke yake.

Si uvivu wala laana

Ugonjwa huu hautokani na uchawi wala upungufu wa imani. Humpata kwa urahisi zaidi mama aliyewahi kuugua huzuni zamani, aliyejifungua kwa shida, aliyefiwa, aliyelemewa na umaskini, au anayepigwa na kutukanwa nyumbani. Mume, hapo ujichunguze kwa unyofu.

Wajibu wa mume

Tuseme umerudi jioni, ukakuta sufuria hazijaoshwa, mtoto analia, na mama ameketi akiutazama ukuta. Neno lako la kwanza lina uzito. Ukisema, "Wenzako huzaa na kesho yake wako shambani," hatakueleza tena lililo moyoni. Mchukue mtoto. Keti karibu naye, umwambie, "Mama watoto, naona unaumia. Niambie." Kisha sikiliza bila kumkatiza na bila kuhubiri.

Usiku saidia ili apate usingizi wa saa kadhaa mfululizo. Wageni wakizidi, waombe kwa heshima wapunguze. Mama mkwe akinong'ona kwamba mke wako ni mvivu, ni wewe, mwanawe, unayepaswa kumweleza.

Halafu fuatana naye hadi kliniki. Siku ya chanjo ya mtoto ni nafasi nzuri. Wauguzi wengi hutumia orodha ya maswali 10 iliyotungwa Uingereza na kuchapishwa mwaka wa 1987 ili kutambua hali hii. Wengine hupona kwa kuzungumza na mshauri aliyefunzwa. Wengine huhitaji dawa pia. Mwelezeni daktari kwamba mama ananyonyesha, kwani ziko dawa zinazofaa. Dawa hizo huchukua majuma kadhaa kuonyesha nguvu, na mama asiziache ghafla anapoona nafuu.

Dalili za hatari

Akisema afadhali afe, au atamdhuru mtoto, msidhani ni maneno tu. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali humpa nafasi ya kusema. Vivyo hivyo akianza kusikia sauti zisizosikika na wengine, au kuweweseka na kutolala kabisa katika majuma ya kwanza. Msimwache peke yake, na mfike hospitali siku hiyo hiyo. Wala msizuiwe na hofu ya polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Nawe mama

Mficha maradhi kilio humfichua. Usingoje mpaka uzidiwe. Kusema "Sijisikii vizuri" si kumkataa mtoto wako. Endelea kusali ukiweza. Usipoweza, wengine wakuombee. Sala na matibabu havigombani: anayemeza dawa ya malaria hajamwacha Mungu.

Siku ya ndoa mliahidiana kupendana katika afya na ugonjwa. Ugonjwa wa moyo uliovunjika umo katika ahadi hiyo.

Ya kuzungumza nyumbani

1. Mtoto wetu wa mwisho alipozaliwa, ni nani aliyemwuliza mama hali yake?
2. Ni kazi gani ya usiku ambayo baba anaweza kuichukua?
3. Katika Jumuiya yetu yuko mama aliyejifungua karibuni? Tutamtembelea lini, na tutamsaidia kazi gani?