Joto la Chumba cha Sungura na Haki ya Mnyama Juu Yako



Julai 2023 nilikuwa nimepanga chumba kimoja hapa Sonatubes, mwendo mfupi kwa miguu kutoka njiapanda. Juu mabati matupu, dari hakuna. Nilikuwa na sungura wawili, si wa kuchinja. Nilipenda tu kurudi jioni nikute kiumbe ndani. Siku moja ya mtihani nilifunga dirisha kwa hofu ya wezi, nikafunga mlango, nikaondoka saa mbili asubuhi. Niliporudi baada ya alasiri mmoja alikuwa amekufa. Mwenzake alikuwa amejinyoosha sakafuni, anahema mdomo wazi. Maji yalikuwamo. Majani yalikuwamo.

Usiku ule jirani yangu, mwanafunzi kama mimi, akanishauri ninunue kiyoyozi kidogo cha magurudumu. Mwenzetu mwingine akasema hiyo ni israfu: watu wamekosa ada, wewe unampoza sungura. Sikuwa na jibu kwa yeyote kati yao, ndiyo maana nikarudi vitabuni.

Kufuga chenyewe si kosa. Anas (r.a.) amesimulia kuwa mdogo wake, Abu Umayr, alikuwa na kindege cha kuchezea, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akimuuliza habari za kindege hicho. Wanazuoni wakachukua humo ruhusa ya kuweka ndege nyumbani, mradi atunzwe.

Sasa iweke karibu na ile hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, iliyo kwa Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.). Sisi huisimulia kama hadithi ya njaa tu. Lakini lawama yake ina pande mbili: alimfungia bila kumlisha, na hakumwacha akajitafutie vya ardhini. Paka wa mtaani hutafuta mwenyewe chakula, maji na kivuli. Ukishamfungia, vyote alivyokuwa akijitafutia vimekuwa deni lako. Sungura wa porini, babu wa hawa tunaofuga, huchimba shimo na kujificha humo, kwenye udongo wa baridi. Mimi nilimnyang'anya shimo nikampa sakafu ya saruji chini ya mabati. Kwa ufahamu wangu, ubaridi nao uliingia katika matunzo yaliyonilazimu. Wallahu aalam.

Izz ibn Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, ameorodhesha haki za mnyama juu ya mwanadamu katika Qawaid al-Ahkam. Ndani yake mna kumtunza hata akizeeka au akiugua asiwe na faida tena, na kumtengenezea vizuri mahali pake pa kupumzikia. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho mashekhe wetu wengi wa Afrika Mashariki wamekisoma, anasema mwenye mnyama akikataa kumtunza hulazimishwa: anayeliwa, amlishe, amuuze au amchinje, asiyeliwa, amlishe au amuuze. Abu Hanifa aliona kadhi hamlazimishi, ila wajibu unabaki baina yake na Mola wake. Tofauti yao ni juu ya mahakama. Wajibu wenyewe hawakuhitilafiana.

Tuje kwenye faranga. Bei ya umeme wa majumbani iliyoanza Januari 2020 ilikuwa faranga 89 kwa kila uniti katika uniti 15 za kwanza za mwezi, 212 kuanzia hapo hadi uniti 50, na 249 zaidi ya hapo, kabla ya kodi ya asilimia 18. Chumba changu kilikuwa kikitumia kama uniti 20. Kiyoyozi cha kilowati moja kikifanya kazi saa 8 kwa siku kinakula uniti 240 kwa siku 30. Uniti 30 zinaangukia kwenye 212, na 210 kwenye 249: jumla 58,650, na kodi ikiingia, 69,207. Feni ya wati 50 kwa saa 10 kila siku ni uniti 15, yaani 3,752 pamoja na kodi. Bei hubadilika, kwa hiyo weka namba za risiti yako ya Cash Power.

Ungedhani jibu ni feni. Nami nilidhani hivyo. Lakini feni hutuburudisha sisi kwa sababu tunatoka jasho, na upepo hulikausha. Sungura hatoki jasho. Joto lake hulitolea zaidi masikioni. Hewa ikishapita nyuzi 30 yuko hatarini, na kumpulizia hewa ileile ya moto kunamsaidia kidogo sana. Kigali iko juu, kama mita 1,500, na nje kivulini mara nyingi hatufiki huko. Tanuri lilikuwa chumba changu chenyewe. Kipimajoto nilichoazima kilisoma nyuzi 34 saa nane mchana.

Basi nililipa fundi aweke wavu wa chuma dirishani ili libaki wazi hata nisipokuwepo. Hiyo ndiyo gharama pekee iliyoniuma. Mama mwenye nyumba aliniruhusu kugandisha chupa mbili za maji kwenye friji yake; moja naifunga kitambaa na kuiweka sandukuni sungura aiegemee, nyingine inaganda. Gunia lililoloweshwa nililitundika dirishani, na kwa kuwa hewa ya kiangazi ni kavu, maji hukauka upesi na upepo unaingia umepoa. Nilihamisha sanduku mbali na ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la jioni. Akianza kuhema, masikio yake nayapangusa kwa maji ya kawaida. Kumtumbukiza kwenye maji ya barafu kunaweza kumuua kwa mshtuko. Saa nane kipimajoto kikasoma 28.

Yule wa israfu alikuwa sahihi kuhusu kiyoyozi, na jirani alikuwa sahihi kwamba nilidaiwa kitu.

Septemba ratiba ilibadilika, nikawa natoka alfajiri na kurudi baada ya isha, na hakukuwa na wa kubadilisha chupa mchana. Nikampeleka sungura kwa familia moja Gahanga yenye banda chini ya mparachichi. Waliniuliza kama wanaweza kumchinja siku moja. Nikawajibu kuwa sasa ni wao, na hukumu wanaijua.