Bawabu wa Marseille na Nyota 37 Zenye Mkia

SOMO LA FAMILIA

 

Katika somo hili tutajifunza habari za Jean-Louis Pons, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1761 na kufariki mwaka 1831. Aliajiriwa kuwa bawabu, kazi ambayo vijana wetu wakiipata kule Tororo au Busia tunasema wameandikwa uaskari wa lango. Hakuwa na elimu kubwa. Lakini kati ya mwaka 1801 na 1827 aligundua nyota zenye mkia zinazohesabiwa kuwa 37, na mpaka leo hakuna mtu mwingine aliyegundua nyingi hivyo kwa kutazama kwa jicho lake mwenyewe.

Tumechagua habari zake kwa sababu moja. Wengi wetu tulivuka mpaka bila vyeti, na wengine vyeti vyao viliteketea. Kuna vijana waliokatiza masomo darasa la sita au kidato cha pili, na sasa wanasema, "Mimi sina karatasi, basi sina kitu." Tuwatazame pamoja na Pons.

1. NYOTA YENYE MKIA NI NINI?

Vitabu vya shule huiita kometi. Si nyota hasa. Ni bonge la barafu, vumbi na mawe, mara nyingi lenye upana wa kilomita chache tu, linalozunguka jua kwa njia ndefu kama yai lililovutwa. Likiwa mbali halionekani. Likikaribia jua, barafu hupata joto na kugeuka mvuke, na mvuke huo hutoka pamoja na vumbi. Mwanga wa jua na upepo wa chembe zitokazo kwenye jua husukuma mvuke na vumbi, na hapo ndipo tunapoona mkia. Kwa hiyo mkia huelekea upande ulio mbali na jua, hata kometi inapokuwa inaondoka.

Tusichanganye kometi na kimondo. Kimondo ni jiwe linaloingia katika hewa ya dunia na kuwaka kwa sekunde chache. Jirani zetu wa Mbale wanalijua jambo hili vizuri: tarehe 14 Agosti 1992 mawe kutoka angani yaliangukia mji ule, na kipande kidogo kilipita kwenye majani ya mgomba na kumgonga mvulana kichwani bila kumjeruhi vibaya. Hicho kilikuwa kimondo. Kometi haipiti mbio namna hiyo. Huonekana siku nyingi au hata miezi, ikisogea kidogo kidogo kila usiku.

Afrika Mashariki nayo ina habari yake ya kometi. Tarehe 1 Novemba 1948 jua lilipatwa, na kule Nairobi mwezi ulipolifunika kabisa na mchana ukawa giza, watazamaji waliona karibu na jua kometi yenye kung'aa ambayo hakuna aliyejua kwamba iko. Mwangaza wa jua ulikuwa umeificha.

2. HOFU YA ISHARA ZA MBINGUNI

Tangu zamani, katika mataifa mengi, watu waliona nyota yenye mkia wakasema: vita inakuja, njaa inakuja, mfalme atakufa. Sisi tuliokimbia bunduki na moto, moyo wetu hushtuka upesi, na daima hapakosi mtu wa kuitumia hofu hiyo kujipatia sadaka. Someni Yeremia 10:2 nyumbani, mwone jinsi watu wa Mungu walivyokatazwa kushtushwa na ishara za mbinguni kama mataifa wanavyoshtuka.

Elimu nayo ilisaidia kuondoa hofu hiyo. Mwingereza Edmond Halley alipiga hesabu akaona kwamba kometi zilizoonekana mwaka 1531, 1607 na 1682 zilikuwa kometi moja inayorudi. Akasema itarudi karibu na mwaka 1758. Yeye alifariki mwaka 1742, na kometi ikaonekana tena Desemba 1758. Ilirudi mwaka 1910 na 1986, na inatazamiwa tena mwaka 2061. Kitu kinachorudi kwa hesabu hakiji kwa sababu ya mfalme fulani wala kijiji fulani.

Hapa tutofautishe maneno mawili. Mnajimu hutazama nyota akakutabiria bahati yako. Mwanaastronomia hutazama nyota akapima ziko wapi na zinakwenda wapi. Pons alikuwa huyu wa pili.

3. KIJANA WA PEYRE ANAPATA KAZI

Pons alizaliwa katika kijiji cha Peyre, kusini mashariki mwa Ufaransa, katika familia maskini. Shule aliisoma kidogo tu. Mwaka 1789, akiwa na miaka 27, alipata kazi ya ubawabu katika kituo cha kutazamia nyota kwenye mji wa bandari wa Marseille.

Wakuu wa kituo wangeweza kumwacha langoni maisha yake yote. Lakini waliona kwamba ana hamu, wakamfundisha kutumia darubini na kuzisoma nyota. Jambo hili tulishike, tutalirudia. Pons alikuwa na bidii, lakini pia kulikuwa na watu wenye elimu waliokubali kumfundisha bawabu.

Ilichukua muda. Kati ya siku aliyoandikwa kazi na siku aliyogundua kometi yake ya kwanza ilipita miaka 12. Usiku wa tarehe 11 Julai 1801 aliiona. Kesho yake Charles Messier, mwindaji mashuhuri wa kometi, aliiona kometi ile ile akiwa Paris. Messier alikuwa na umri wa miaka 71, na hiyo ilikuwa ya mwisho kwake. Kwa Pons ilikuwa ya kwanza.

4. ALIFANYAJE KAZI YAKE?

Kometi nyingi, zinapogunduliwa, hazina mkia wa kuvutia. Huonekana kama doa dogo la ukungu. Shida ni kwamba mbinguni yapo madoa mengi ya ukungu ambayo si kometi: ni makundi ya nyota za mbali au mawingu ya gesi, nayo hayasogei. Messier alichoka kudanganywa na madoa hayo, akayaandika katika orodha. Orodha aliyoichapisha mwaka 1781 ilikuwa na vitu 103, na wanaastronomia wanaitumia mpaka leo.

Pons alijitengenezea baadhi ya darubini zake. Alipenda zile zinazoonyesha eneo pana la anga kwa mara moja, hata kama hazikuzi sana. Wawindaji wa kometi hupendelea kutazama magharibi baada ya jua kutua, na mashariki kabla ya mapambazuko, kwa maana kometi hung'aa zaidi ikiwa karibu na jua. Huipitisha darubini polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha huishusha kidogo na kuanza tena, kama mtu anayepalilia mstari kwa mstari bila kuruka.

Silaha yake kubwa ilikuwa kumbukumbu. Alizifahamu nyota kama mchungaji anavyofahamu kondoo wake. Mchungaji haanzi kwa kuhesabu. Hutupa jicho tu akajua yupo mgeni zizini. Pons naye alitupa jicho akajua: doa hili jana halikuwapo. Usiku unaofuata alilitazama tena, na kama limesogea, ni kometi.

Lakini tuseme na upungufu wake. Pons alikuwa hodari wa kuona kuliko kupima na kuandika. Kometi zake kadhaa hazikuweza kupigiwa hesabu nzuri ya njia kwa sababu vipimo vilivyoachwa havikutosha. Kuona ni jambo moja, na kuweka kumbukumbu ni jambo jingine. Sisi tuliopoteza karatasi tunajua gharama ya kitu kisichoandikwa.

5. KOMETI YA MTU MMOJA, JINA LA MWINGINE

Tarehe 26 Novemba 1818 Pons aligundua kometi hafifu. Mjerumani kijana, Johann Franz Encke, alipiga hesabu ya njia yake akagundua jambo la ajabu: inalizunguka jua kwa muda wa miaka mitatu na miezi michache tu. Tena ilikuwa kometi ile ile aliyoiona Pierre Méchain mwaka 1786, na Caroline Herschel mwaka 1795, na Pons mwenyewe mwaka 1805. Watu hao walikuwa wameona kitu kimoja bila kujua. Encke akasema itarudi mwaka 1822, na mwaka huo ikaonekana kule Australia.

Dunia ikaiita kometi ya Encke, na ndilo jina lake mpaka leo. Lakini Encke mwenyewe hakukubali kujichukulia sifa yote. Aliendelea kuiita kometi ya Pons. Msomi mwenye hesabu alimtaja bawabu aliyeiona. Ni mara ngapi katika kamati zetu mtu mmoja hulima na mwingine huandikwa kwenye ripoti? Tujifunze kwa Encke.

6. KUHAMA, NA KUANZA UPYA

Mwaka 1813 Pons alipandishwa kuwa mwanaastronomia msaidizi, na mwaka 1818 akawa naibu wa mkuu wa kituo. Mwaka huo huo wa 1818 alipewa tuzo ya Lalande ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa.

Mwaka 1819 alihamia Italia, akawa mkuu wa kituo kipya huko Marlia, karibu na mji wa Lucca, chini ya mtawala Maria Luisa. Mtawala huyo alifariki mwaka 1824, na kituo kikafungwa. Pons, mwenye miaka zaidi ya 60, alihama tena mwaka 1825 hadi Florence. Hakuwa mkimbizi kama sisi, hatuwezi kusema hivyo. Lakini alipoteza mahali pa kazi uzeeni akaanza upya ugenini, na huko Florence aligundua kometi nyingine hadi mwaka 1827. Hatimaye macho yalidhoofika, akaacha kazi. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1831.

Kometi moja aliyoigundua Julai 1812 huchukua karibu miaka 71 kurudi. Mwaka 1883 Mmarekani William Brooks aliiona bila kutazamia, ndiyo maana inaitwa Pons-Brooks. Ilirudi mwaka 1954, na tena mwaka 2024, ilipopita karibu na jua mwezi Aprili. Zaidi ya miaka 200 baadaye, jina la bawabu linatajwa.

7. TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, kazi ya lango si aibu. Mtunga Zaburi ya 84, katika mstari wa 10, aliitamani. Kijana anayekesha akilinda ghala la mtu asidharauliwe, wala asijidharau.

Pili, anayekifahamu vizuri kilichopo ndiye hutambua kipya. Darubini peke yake haikutosha. Mwanafunzi anayerudia hesabu zake, fundi anayeifahamu cherehani yake, mama anayejua mwili wa mtoto wake kiasi cha kutambua homa kabla ya jioni, hawa wote wana elimu ambayo haikuteketea pamoja na vyeti.

Tatu, na hili ni la wenye elimu. Tusiseme kila maskini atakuwa Pons akijitahidi. Pons alifundishwa. Katika makazi haya wamo walimu, wauguzi, mafundi umeme na makarani ambao hawana ajira. Mwalimu anayekaa chini ya mwembe bila kazi, na kijana anayekaa chini ya mwembe wa pili bila shule, wanahitaji hatua ishirini tu kukutana.

Nne, tuandike. Daftari moja kwa kila nyumba: tarehe za kuzaliwa, chanjo za watoto, mahali mtoto alipoachia masomo, kazi ambayo mtu anaijua.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Kometi na kimondo vinatofautianaje? Mtoto mkubwa awaeleze wadogo.
2. Umewahi kusikia mtu akitumia ishara ya angani kuwatia watu hofu? Mlimjibuje?
3. Ni kazi gani iliyofanywa na mtu mwingine lakini sifa ukapewa wewe? Utamtajaje?
4. Nani katika nyumba yako ana ujuzi ambao hajamfundisha yeyote tangu tufike hapa? Atamfundisha nani, na ataanza siku gani?

Zoezi la wiki: usiku usio na mawingu, mzazi na watoto watoke nje wachague kundi moja la nyota upande wa mashariki, walichore kwenye daftari. Warudie usiku tatu, saa ile ile. Mwandike mlichoona.

Bwana awabariki.