Somo la Mfugaji: Ndigana Kali na Hesabu ya Ng'ombe Mmoja

Mfugaji mwenzangu, kabla ya kuanza somo hili, chukua daftari na kalamu. Leo tunafanya hesabu. Wengi wetu katika Kaunti ya Kisumu, kuanzia Seme hadi Muhoroni, tukiulizwa ng'ombe anatuletea pesa ngapi tunajibu haraka, kwa sababu pesa ya maziwa tunaishika mkononi kila siku. Tukiulizwa ng'ombe huyo huyo anakula pesa ngapi, tunaanza kukuna kichwa.

Tuseme una ng'ombe mmoja chotara anayetoa lita 6 kwa siku. Bei zilizo hapa ni za mfano tu. Zifute uweke za kwenu. Lita 2 zinabaki nyumbani kwa chai na watoto, na lita 4 zinauzwa kwa Sh60 kila moja. Hiyo ni Sh240 kwa siku, au Sh7,200 kwa mwezi wa siku 30. Sasa andika upande wa pili. Chakula cha dukani kilo 2 kwa siku, kilo moja Sh50, ni Sh3,000 kwa mwezi. Nyasi ya nepia na maji Sh1,200. Chumvi ya madini Sh300. Dawa ya kupe na ya minyoo Sh400. Jumla ni Sh4,900, na kilichobaki ni Sh2,300. Zile lita 2 za nyumbani nazo zina thamani ya Sh3,600 kwa mwezi, na ni makosa kuzisahau, lakini huwezi kumlipa daktari kwa maziwa yaliyokwisha kunywewa.

Sasa ng'ombe anaugua ndigana kali. Daktari wa mifugo anakuja mara mbili, na kila safari nauli ya bodaboda ni Sh600. Dawa na kazi ya kudunga ni Sh3,000. Kwa siku 10 huuzi maziwa wala hunywi, ama kwa sababu yamekauka au kwa sababu dawa bado imo mwilini mwa ng'ombe. Hapo umepoteza Sh3,600. Jumla ni Sh7,800. Baki ya zaidi ya miezi mitatu imeondoka kwa ugonjwa mmoja, na tumehesabu ng'ombe aliyepona.

Ugonjwa wenyewe

Ndigana kali huletwa na kijidudu kidogo sana kinachobebwa na kupe wa rangi ya kahawia ambaye hupenda kukaa masikioni. Kupe mchanga akinyonya damu ya ng'ombe mwenye kijidudu hicho, huanguka majanini, hukua, kisha humpanda ng'ombe mwingine na kumwachia ugonjwa. Huku kwetu mvua hunyesha misimu miwili na joto halipungui sana, hivyo kupe hatuachi kabisa mwaka mzima.

Kuna jambo moja ambalo wafugaji wengi hawajaambiwa. Kupe akishika ng'ombe haambukizi papo hapo. Huchukua siku mbili, tatu au zaidi akinyonya kabla ya kijidudu kukomaa na kuingia. Kwa hiyo mtu mwenye ng'ombe mmoja au wawili anayepitisha mkono masikioni, chini ya mkia na kwenye kiwele kila jioni, akiwatoa kupe na kuwachoma, anafanya kazi ya maana sana bila kutoa hata shilingi. Kunyunyizia dawa bado kunahitajika, lakini mkono hauna likizo.

Dalili ya kwanza ni tezi kuvimba, hasa chini ya sikio na mbele ya bega. Ukizigusa mapema utazisikia kama yai chini ya ngozi. Kisha joto la mwili hupanda na kupita nyuzi 40, ng'ombe huacha kula, maziwa hupungua. Akianza kupumua kwa shida na kutoa povu puani, maji yamemfika shingoni, kwa sababu mapafu yameingiwa na maji. Dawa yake maalumu, buparvakuoni, hufanya kazi vizuri ikidungwa mapema, kabla ya hatua hiyo.

Mimi mwenyewe nilipoteza mtamba kwa kuchelewa. Aliacha kula siku ya Ijumaa, nikasema ni joto. Jumamosi nikanunua antibiotiki dukani nikamdunga bila mtu yeyote kumpima. Jumatatu, alipokuwa anatoa povu, ndipo nikampigia daktari simu. Antibiotiki ile haiponyi ndigana kali iliyokwisha kushika, kwa hiyo nilinunua dawa, nikapoteza siku mbili, na mtamba akafa. Ukijumlisha, nauli ya Ijumaa ingekuwa rahisi kuliko yote.

Usidhani hili ni tatizo la ng'ombe wa gredi peke yake. Ni kweli kwamba ng'ombe wa maziwa aliyenunuliwa nyanda za juu, aliyelelewa mahali pasipo na kupe wengi, akishushwa uwanda wa Kano anaweza kufa ndani ya mwezi mmoja. Lakini kati ya 2007 na 2010 watafiti walifuatilia ndama 548 wa kienyeji katika eneo la Busia, tangu kuzaliwa hadi kutimiza mwaka mmoja. Takriban ndama mmoja kati ya sita alikufa, na miongoni mwa magonjwa yaliyowaua, ndigana kali ndiyo iliyoongoza. Wale ng'ombe wetu wakubwa wa kienyeji tunaowasifu kuwa wagumu ni wale waliobaki. Waliokufa wakiwa ndama hatuwahesabu.

Chanjo ipo

Kuna chanjo ya ndigana kali, na asili yake ni hapa hapa Kenya. Ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970. Ndama hudungwa akiwa na umri wa mwezi mmoja au zaidi, mara moja tu maishani, pamoja na antibiotiki ya kuzuia chanjo yenyewe isimwangushe. Wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania wamekuwa wakiinunua kwa pesa zao kwa miaka mingi, kwa sababu waliona idadi ya ndama wanaobaki hai.

Kwa nini basi haijaenea vijijini mwetu? Sababu moja ni jinsi inavyohifadhiwa. Chanjo hii ni hai, nayo hukaa ndani ya mtungi wa naitrojeni ya maji yenye baridi kali. Ikishatolewa na kuchanganywa, kipimo kimoja hutosha ndama wapatao 30 hadi 40, na lazima kitumike ndani ya saa chache. Daktari hawezi kukifungua kipimo hicho kwa ajili ya ndama wako mmoja. Akifungua, atakuwa amemwaga dozi za ndama wengine wote, na bei hiyo hutaiweza.

Turudi kwenye daftari. Daktari akija kwako peke yako mara mbili, mara ya kuchanja na mara ya kukagua, nauli ya Sh1,200 ni yako yote. Majirani wakileta ndama 30 mahali pamoja, kila ndama anabeba Sh40. Dawa ni ile ile na daktari ni yule yule.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wafugaji wanaosema shida yetu ni bei ya dawa. Dawa ni ghali, sikatai. Lakini kwa mtu wa Nyakach ya juu, au wa Kano wakati ule udongo mweusi umelowa na pikipiki haipiti, kinachouma zaidi ni umbali. Zamani josho la kijiji lilituondolea umbali huo: ng'ombe wote walikutana mahali pamoja siku moja, na afisa wa mifugo akawaona wote. Majosho mengi yalianza kufa serikali ilipopunguza kuyagharamia na kuyaachia kamati za wenyeji. Tangu 2013, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, udhibiti wa magonjwa ya mifugo ni miongoni mwa kazi za kaunti, kwa hiyo ni haki yako kuuliza jambo hili katika kikao cha wananchi cha kujadili bajeti. Ila ofisi ya wadi ikipokea simu 30 kwa siku 30 tofauti, haitawafikia wote. Ikipokea orodha moja yenye ndama 30, inaweza kupanga siku.

Tahadhari tatu kabla ya kuchanja. Ndama mgonjwa au ng'ombe anayekaribia kuzaa asiletwe. Baada ya kuchanja, wachunguze hasa katika wiki ya tatu, kwa maana wachache hupata homa na huhitaji kutibiwa. Na chanjo hii haikingi magonjwa mengine ya kupe, kwa hivyo pampu usiiuze. Pampu ya lita 20 ni ya ng'ombe wakubwa wapatao wanne. Ukinyunyizia kumi kwa pampu moja umewalowesha tu, na kupe wanaobaki ndio wanaozoea dawa.

Anayekuja kudunga awe na leseni. Sheria ya 2011 inamtaka kila daktari wa mifugo na msaidizi wake awe amesajiliwa. Kumwomba cheti si kumkosea heshima.

Kazi ya nyumbani

Andika hesabu ya ng'ombe wako kwa mwezi mmoja, kila siku, maziwa upande mmoja na matumizi upande mwingine, pamoja na nauli. Kisha tembelea boma kumi za karibu na uandike: jina la mwenye boma, nambari ya simu, ndama wangapi waliotimiza mwezi mmoja, ng'ombe wangapi wenye mimba kubwa, na mahali penye kivuli na kamba ambapo wote wanaweza kukutana. Ukifikisha ndama 30, peleka karatasi hiyo kwa afisa wa mifugo wa wadi yako, umwombe tarehe na bei kwa kila ndama, na umuulize ni nani atakayerudi kukagua katika wiki ya tatu.