Maandishi Yasipoteze Uwazi Wake Njiani
Mwongozo kwa watengenezaji wa video

Majina ya maharusi yametengenezwa kwa rangi ya dhahabu, yakiingia taratibu na kumetameta juu ya picha ya ukumbi. Hivyo ndivyo yalivyoonekana kwenye kompyuta ya msanifu. Yalipofika kwa mhariri wa video, yalikuja na kiboksi cheusi kilichofunika keki, wazazi na maharusi wenyewe. Herufi hazina kosa. Kilichopotea ni uwazi uliozizunguka, na mara nyingi hupotea katika hatua moja tu: wakati wa kutoa faili.

Chaneli ya nne

Picha ya video huhifadhi rangi katika chaneli tatu: nyekundu, kijani na bluu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Alvy Ray Smith na Ed Catmull, wakiwa katika Taasisi ya Teknolojia ya New York, waliongeza ya nne, yaani chaneli ya alfa. Kazi yake ni kuieleza kompyuta kila nukta ionekane kwa kiasi gani. Katika picha ya biti 8, namba 0 ni uwazi kamili na 255 ni nukta iliyoziba kabisa. Namba za katikati ndizo zinazolainisha ukingo wa herufi na kufifisha kivuli chake. Mwaka 1984, Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm walichapisha hesabu za kupandanisha picha ambazo zinatumika hadi leo.

Faili ipi ibebe maandishi?

MP4 ya kawaida yenye kodeki ya H.264, ambayo wengi huitumia kwa kila kitu, haibebi alfa. Hata ProRes 422 HQ, pamoja na ubora wake, haina nafasi ya chaneli hiyo. Inayofaa ni ProRes 4444 ndani ya faili la MOV. Ile 4 ya mwisho ndiyo inayowakilisha alfa. Hata hapo, mtengenezaji anayetumia After Effects hana budi kuchagua RGB + Alpha, kwani akiacha RGB peke yake, uwazi unabaki nyuma.

Njia nyingine ni mfululizo wa picha za PNG, kila fremu na faili lake. Blender, After Effects na DaVinci Resolve zote huusoma. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 90, kazi huendelea kuanzia hapo badala ya kuanza upya. Upungufu wake ni kwamba haubebi sauti.

Nafasi kwenye diski nayo ihesabiwe mapema. Fremu moja ya nukta 1920 kwa 1080, yenye chaneli nne za biti 8 na isiyobanwa, ni baiti 8,294,400. Maandishi ya sekunde 5 kwa fremu 25 kila sekunde hufikia takriban gigabaiti 1. ProRes na PNG hupunguza mzigo huo, hasa pale sehemu kubwa ya fremu inapokuwa tupu.

Ukingo mweusi

Wakati mwingine kiboksi hakipo, lakini herufi zimezungukwa na uzi mweusi. Chanzo chake ni kutoelewana kwa programu mbili. Moja imezidisha rangi kwa alfa kabla ya kuhifadhi, hivyo nukta za ukingoni zikachanganyika na weusi wa nyuma. Nyingine inazisoma kama rangi halisi. Dawa ni kufungua sifa za klipu katika programu inayopokea na kubadili namna ya kusoma alfa, kati ya Straight na Premultiplied. Hakuna haja ya kutengeneza maandishi upya.

Kabla ya kukabidhi

Faili lijaribiwe juu ya picha yenye rangi kali, kwa sababu mandhari nyeusi huficha makosa yote mawili. Idadi ya fremu kwa sekunde na ukubwa wa picha vilingane na mradi unaopokea. Tahajia ya majina isomwe na mtu wa pili, maana maandishi yakishakuwa video hayarekebishwi kwa kibodi.

Kila mtengenezaji anaombwa kuhifadhi mradi wa awali pamoja na fonti zake, na kumwandikia mhariri mambo matatu: kodeki, idadi ya fremu kwa sekunde na aina ya alfa.